Soketi ya prosesa ndiyo huamua umri wa kompyuta ya mezani

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na wamiliki wengi wa kompyuta za mezani wakatakiwa kuhamia Windows 11. Kwa baadhi yao safari hiyo iliishia mlangoni.

Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Mtu aliyenunua kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha saba mwanzoni mwa mwaka 2017, hata kama ilikuwa na nguvu za kutosha, aliachwa nje.

Angeweza kudhani kuwa dawa ni nyepesi: aitoe prosesa ya zamani, aweke ya kizazi cha nane, kisha aendelee na kazi zake. Ubao mama wake una soketi iitwayo LGA 1151, na prosesa za kizazi cha nane nazo ni za LGA 1151. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile.

Hata hivyo, viwili hivyo haviafikiani. Kizazi cha nane kilipotoka Oktoba 2017, Intel ilikitaka kitumike na mbao mama mpya peke yake. Aliyenunua kizazi cha saba Januari ya mwaka huo alikuwa na ubao uliopitwa baada ya miezi tisa tu.

Mwenzake aliyenunua mwaka huo huo kompyuta yenye soketi ya AM4, ya kampuni ya AMD, alibaki na njia. Prosesa yake ya kwanza, Ryzen ya mfululizo wa 1000, nayo haimo katika orodha ya Windows 11. Lakini kwa mbao mama nyingi za aina hiyo ilitosha kusasisha programu ya msingi ya BIOS na kuweka Ryzen ya mfululizo wa 5000. Ubao, RAM na kasha vilibaki vile vile.

Tofauti ya wanunuzi hao wawili haikutokana na kasi ya prosesa walizonunua, wala na fedha walizolipa. Ilitokana na soketi, sehemu ambayo wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Soketi ni nini

Soketi ni kitako cha mraba kilicho juu ya ubao mama, ambamo prosesa hukaa. Kupitia hapo prosesa hupata umeme, huwasiliana na RAM, na hupokea data kutoka kwenye kadi ya grafiksi, diski na vifaa vingine.

Kwa miaka mingi prosesa zilikuwa na pini ndogo zilizoingia katika matundu ya soketi. Mwaka 2004 Intel iligeuza mpango huo katika kompyuta za mezani kwa soketi ya LGA 775. Tangu hapo pini zikawa kwenye ubao, na prosesa ikabaki na vigusio bapa upande wa chini. AMD ilifuata njia hiyo kwa kompyuta za kawaida mwaka 2022, ilipotoa soketi ya AM5.

Namba iliyo katika jina la soketi za Intel huonyesha idadi ya vigusio. LGA 1700 ina vigusio 1,700. Majina ya AMD hayafuati kanuni hiyo: AM4 ina pini 1,331 na AM5 ina vigusio 1,718.

Soketi haiendi peke yake. Huambatana na chipseti, yaani chipu ya ubao mama inayosimamia mawasiliano ya vifaa, pamoja na aina maalumu ya RAM. Mkusanyiko huo wa soketi, chipseti na RAM ndio wataalamu huuita jukwaa. Kwa hiyo anayebadili soketi mara nyingi hulazimika kununua ubao mpya, na wakati mwingine RAM mpya pia.

Hata feni ya kupoozea prosesa huweza kuguswa. Umbali kati ya matundu ya kufungia feni ulikuwa milimita 72 katika LGA 775, milimita 80 katika LGA 1366, na milimita 75 katika soketi za kawaida za Intel kuanzia LGA 1156 hadi LGA 1200. Katika LGA 1700 ulibadilika tena kuwa milimita 78.

Kwa nini soketi hubadilika

Zipo sababu za kweli za kiufundi. Kazi zilizokuwa zikifanywa na chipu nyingine za ubao mama zimekuwa zikihamia ndani ya prosesa, na kila kazi inayohamia huhitaji vigusio vyake.

AMD ilikiingiza kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Baadaye zikafuata njia za PCI Express, ambazo hubeba data za kadi ya grafiksi na diski za kasi, na hatimaye chipu ya grafiksi yenyewe.

Aina ya RAM nayo hubadilika. DDR2 iliiachia nafasi DDR3, kisha zikaja DDR4 na DDR5. Kwa kuwa kidhibiti kimo ndani ya prosesa, mabadiliko ya RAM huigusa soketi moja kwa moja.

Sababu ya tatu ni umeme. Prosesa yenye viini vingi, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyomo ndani ya chipu moja, huhitaji mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na hivyo vigusio vingi zaidi vya kuupitisha.

Lakini ipo pia sababu ya kibiashara. Soketi mpya humaanisha mbao mama mpya, na kila ubao huuzwa pamoja na chipseti ya kampuni ile ile inayotengeneza prosesa. Ndiyo maana kila soketi inapobadilishwa mapema, wanunuzi huuliza kama lililohitaji mabadiliko ni chipu au ni mauzo.

Njia mbili zaanza

Kwa muda mrefu kompyuta za mezani zilitumia soketi moja kwa watu wote. Mwenye fedha nyingi alinunua prosesa yenye kasi zaidi, mwenye fedha kidogo akanunua ya kasi ndogo, lakini zote ziliingia katika ubao wa aina moja.

AMD ilijaribu kuwatenganisha wanunuzi hao mwaka 2003. Athlon 64 ya kawaida ilikaa katika Socket 754, yenye mkondo mmoja wa RAM. Athlon 64 FX, iliyolengwa kwa wapenzi wa kompyuta zenye nguvu, ilitumia Socket 940 iliyotoka kwenye seva na kuhitaji RAM maalumu ya seva. Mwaka uliofuata ilikuja Socket 939, na FX ikahamia huko. Waliolipa zaidi kwa Socket 940 walikuwa wamebaki nyuma katika kipindi kisichofika mwaka mmoja.

Mgawanyiko uliodumu ni ule ulioanzishwa na Intel. Novemba 2008 kampuni hiyo ilizindua prosesa za kwanza za Core i7 pamoja na soketi ya LGA 1366 na chipseti ya X58.

Jukwaa hilo lilikuwa na mikondo mitatu ya RAM ya DDR3, na njia 36 za PCI Express zilizotosha kulisha kadi mbili za grafiksi kwa upana wake wote. Prosesa ya bei nafuu kuliko zote, Core i7-920 yenye kasi ya gigahezi 2.66, iliuzwa kwa bei ya jumla ya dola 284 za Marekani. Ya juu kabisa, Core i7-965 Extreme, ilikuwa dola 999. Mbao mama za X58 nazo zilikuwa ghali.

Septemba 2009 Intel ikatoa soketi ya pili kwa wanunuzi wa kawaida, LGA 1156, pamoja na chipseti ya P55. Hii ilikuwa na mikondo miwili ya RAM na njia 16 za PCI Express zilizomo ndani ya prosesa. Core i5-750 iliuzwa dola 196, na Core i7-860 ikauzwa dola 284, bei ile ile ya i7-920.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Jina la Core i7 lilikuwa sasa katika soketi mbili zisizoingiliana. Prosesa mbili zilikuwa na viini vinne kila moja na bei sawa, lakini moja haikuweza kukaa katika ubao wa nyingine.

Katika kazi za kila siku, kama kuandika, kutazama video na michezo mingi, tofauti ya majukwaa hayo mawili ilikuwa ndogo. Mkondo wa tatu wa RAM haukuonekana sana nje ya kazi nzito. Kilichowatenganisha wanunuzi kilikuwa yale yaliyokuja baadaye.

Januari 2011 Intel ilitoa prosesa za Sandy Bridge kwa soketi ya LGA 1155, yenye kigusio kimoja pungufu kuliko ile iliyotangulia. Prosesa hizo hazikuingia katika mbao za LGA 1156. Soketi iliyokuwa imetangazwa kuwa ya umma ilikuwa imepitwa baada ya miezi 16, na hakuna prosesa ya viini zaidi ya vinne iliyopata kutolewa kwa ajili yake.

Wamiliki wa LGA 1366 walikuwa na bahati zaidi. Machi 2010 ilitoka Core i7-980X yenye viini sita, japo kwa dola 999. Miaka kadhaa baadaye, seva za kizazi hicho zilipoanza kuondolewa kazini, prosesa zake za Xeon zenye viini sita ziliingia sokoni kwa bei ya chini sana. Kwa kuwa zilitumia soketi hiyo hiyo, mbao nyingi za X58 ziliweza kuzipokea baada ya BIOS kusasishwa.

Uhai huo wa pili haukuwa sehemu ya ahadi yoyote kwa mnunuzi. Ulitokana na undugu wa soketi hiyo na ile ya seva.

Wakati huo huo AMD ilikuwa imerudi katika soketi moja kwa wote. Prosesa zake za AM3 za mwaka 2009 zilikuwa na uwezo wa kutumia DDR2 na DDR3, hivyo ziliweza kukaa hata katika mbao za AM2+ za DDR2. Aprili 2010 ikaja Phenom II X6 yenye viini sita, ya bei ya chini kabisa ikiwa dola 199. Kwa nguvu ya kila kiini AMD ilikuwa nyuma ya Intel, lakini mteja wake hakulazimika kutupa ubao.

Bei ya kuwa wa juu

Novemba 2011 Intel ilisonga mbele na mpango wake wa njia mbili. Soketi ya LGA 2011 na chipseti ya X79 zilileta mikondo minne ya RAM na njia 40 za PCI Express. Core i7-3960X, yenye viini sita, iliuzwa dola 990. Kwa wanunuzi wa kawaida kikomo kilibaki viini vinne.

Jukwaa la juu lilikuwa na kasoro moja ambayo matangazo hayakuigusa: lilichelewa. Muundo wa Sandy Bridge uliwafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2011, na wale wa juu wakaupata Novemba. Muundo wa Haswell ulitoka Juni 2013 kwa kawaida na Agosti 2014 kwa wa juu. Skylake ilitoka Agosti 2015, lakini jukwaa la juu likaisubiri hadi Juni 2017.

Hivyo aliyelipa zaidi alipata viini vingi, lakini mara nyingi vya muundo uliotangulia. Katika programu na michezo inayotegemea kasi ya kiini kimoja, kompyuta ya bei nafuu iliweza kumpita.

Soketi za juu nazo hazikuwa na maisha marefu ya uhakika. Haswell ya mwaka 2014 ilihitaji soketi iliyoitwa LGA 2011-3. Idadi ya vigusio haikubadilika, lakini RAM ikawa DDR4, na prosesa za LGA 2011 ya awali hazikuingiliana nayo.

Bei ziliendelea kupanda. Core i7-5960X ya viini vinane ilikuwa dola 999 mwaka 2014. Mei 2016 Core i7-6950X ya viini kumi ilitangazwa kwa dola 1,723.

Mwaka 2017 ikaja LGA 2066 na chipseti ya X299, na ndani yake mfano wa ajabu kuliko yote. Intel ilitoa Core i5-7640X na Core i7-7740X, prosesa za viini vinne kwa soketi ya wapenzi wa nguvu. Zilikuwa na mikondo miwili ya RAM na njia 16 za PCI Express, kama zile za kawaida. Mnunuzi alilipia ubao ghali ambao nusu ya nafasi zake za RAM hazikufanya kazi. Mwaka uliofuata Intel ilitangaza kuziondoa sokoni.

Mpaka wavunjika

Kilichobadilisha hesabu ni Machi 2017, AMD ilipozindua Ryzen kwa soketi ya AM4. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499. Wakati huo prosesa ya Intel ya viini vinane, Core i7-6900K, iliorodheshwa kwa dola 1,089 na ilihitaji jukwaa la LGA 2011-3.

Agosti mwaka huo AMD iliingia pia katika daraja la juu kwa Threadripper, prosesa kubwa ya soketi ya TR4 yenye vigusio 4,094. Threadripper 1950X ilitoa viini 16, mikondo minne ya RAM na njia 64 za PCI Express kwa dola 999.

Intel ilijibu kwa Core i9-7980XE ya viini 18, kwa dola 1,999. Katika njia ya kawaida ilivunja ukomo wake wa viini vinne Oktoba 2017 kwa Core i7-8700K yenye viini sita. Ilikuwa miaka zaidi ya saba tangu Phenom II X6 ya AMD.

Novemba 2019 mpaka wa majukwaa hayo mawili ulibomoka waziwazi. AMD ilitoa Ryzen 9 3950X yenye viini 16 kwa dola 749, na iliingia katika AM4, soketi ile ile ya prosesa za bei nafuu. Kiwango kilichohitaji Threadripper miaka miwili nyuma kilikuwa sasa katika ubao wa kawaida.

Katika kipindi hicho hicho Intel ilitoa Core i9-10980XE ya viini 18 kwa dola 979, wakati iliyotangulia, i9-9980XE, ilikuwa dola 1,979. Ndiyo ilikuwa familia ya mwisho ya LGA 2066.

Ushindi huo haukuwa mwema kwa kila mteja wa AMD. Threadripper za mwaka 2019 zilihitaji soketi mpya ya sTRX4, na wenye mbao za TR4 waliachwa baada ya vizazi viwili. Waliohamia sTRX4 walipata hali mbaya zaidi, kwa kuwa soketi hiyo haikupata kizazi cha pili. Threadripper 7000 za Novemba 2023 zilikuja na soketi nyingine, sTR5.

Kwa maneno mengine, mteja wa AMD aliyenunua jukwaa la bei nafuu mwaka 2017 alipata miaka mingi ya kuboresha kompyuta yake, na yule aliyelipa maradufu akapata michache.

Jina moja, masharti tofauti

Jina la soketi halitoshi kumhakikishia mnunuzi kwamba prosesa itafanya kazi. LGA 775 ilipokea Pentium 4 mwaka 2004, Core 2 Duo mwaka 2006 na Core 2 Quad baadaye. Lakini mbao za mwanzo zenye chipseti za mfululizo wa 915 na 925 hazikuweza kuendesha Core 2, ingawa prosesa hiyo ilikaa vizuri kitakoni.

LGA 1151 ni mfano wa karibu zaidi. Intel ilieleza kuwa prosesa za viini sita zilihitaji mpangilio mpya wa umeme, na baadhi ya vigusio vilivyokuwa akiba vilipewa kazi ya kupitisha umeme. Hata hivyo, mafundi waliobadili BIOS wenyewe walionyesha kuwa baadhi ya mbao za zamani zinaweza kuendesha prosesa hizo. Njia hiyo haina idhini ya watengenezaji, na kosa dogo huweza kuharibu ubao.

AMD nayo iliyumba. Mei 2020 ilitangaza kuwa mbao za AM4 zenye chipseti za B450 na X470 hazingepokea Ryzen za mfululizo wa 5000. Wateja walilalamika, na katika mwezi huo huo kampuni ikabadili msimamo. Mwaka 2022 ruhusa hiyo iliongezwa hadi kwa mbao za mfululizo wa 300, zilizouzwa tangu mwaka 2017.

Tukio hilo lilionyesha kwamba kizuizi si lazima kiwe katika chuma. Wakati mwingine huwa katika programu ya BIOS, na katika uamuzi wa kampuni.

Soketi za sasa na zijazo

Kwa kompyuta za kawaida AMD inatumia AM5, iliyozinduliwa Septemba 2022 na inayotumia RAM ya DDR5 pekee. Ilipozinduliwa, kampuni iliahidi kuihudumia hadi mwaka 2025. Juni 2024 iliongeza ahadi hiyo hadi mwaka 2027 na kuendelea. Ryzen za mfululizo wa 7000 na 9000 zote huingia humo, na feni nyingi za AM4 hufungwa juu yake bila tatizo.

Kwa upande wa Intel, LGA 1700 ilihudumia vizazi vya 12, 13 na 14 kuanzia Novemba 2021. Oktoba 2024 ikafuata LGA 1851 kwa prosesa za Core Ultra za mfululizo wa 200. Familia iitwayo Nova Lake ilitangazwa na Intel kuwa itafuata mwishoni mwa mwaka 2026. Wanunuzi wa LGA 1851 hawakupewa ahadi ya miaka kama ile ya AM5.

Jukwaa la juu limehama kutoka sebuleni kwenda kazini. Intel haikutoa mrithi wa X299 kwa wapenzi wa kompyuta. Mwaka 2023 ilileta Xeon W katika soketi ya LGA 4677, kwa ajili ya wahandisi, wahariri wa filamu na watafiti. Threadripper ya kizazi cha mwaka 2023 ilianzia dola 1,499 kwa viini 24 na kufikia dola 4,999 kwa viini 64, bila kuhesabu ubao na RAM.

Kompyuta ya kawaida kwa sasa inaweza kuwa na viini 16 vya AMD, au 24 vya Intel vya aina mbili mchanganyiko. Kinachobaki kuwa mali ya jukwaa la juu ni mikondo mingi ya RAM na njia nyingi za PCI Express. Anayehitaji kadi tatu za grafiksi kwa kazi za akili bandia, au diski nyingi za kasi kwa pamoja, ana sababu ya kulipa. Kwa wengine wengi sababu hiyo haipo.

Kwa mnunuzi wa kompyuta iliyotumika

Katika miji ya Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa madukani zilikwisha tumika katika ofisi za ng'ambo. Muuzaji hutaja Core i5 au Core i7, ukubwa wa RAM na diski. Soketi na kizazi huachwa, na bei ya vizazi viwili huweza kukaribiana.

Kizazi cha prosesa ya Intel husomeka katika namba inayofuata kistari. Core i5-7500 ni ya kizazi cha saba, i5-8500 ni ya nane, na i5-10400 ni ya kumi. Mbili za kwanza zinafanana kwa jina na zote ni LGA 1151, lakini ya kwanza ina viini vinne na haimo katika orodha ya Windows 11, wakati ya pili ina viini sita na imo.

Mpangilio wa soketi za kawaida za Intel ni huu:

- LGA 1155: kizazi cha pili na cha tatu
- LGA 1150: kizazi cha nne
- LGA 1151 ya kwanza: kizazi cha sita na cha saba
- LGA 1151 ya pili: kizazi cha nane na cha tisa
- LGA 1200: kizazi cha kumi na cha 11
- LGA 1700: kizazi cha 12 hadi cha 14

Kwa AMD, Ryzen za mezani za mfululizo wa 1000 hadi 5000 ni za AM4, na zile za 7000 na kuendelea ni za AM5.

Kompyuta za ofisi zina sharti jingine. Nyingi hutumia ubao mama na pawa saplai za umbo maalumu la mtengenezaji, kiasi kwamba ubao wa kununua dukani hauingii katika kasha lake. Kwa kompyuta ya namna hiyo, soketi iliyomo ndiyo ya mwisho, na prosesa pekee ndiyo inayoweza kubadilishwa, kwa kadiri BIOS yake inavyoruhusu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji aiwashe kompyuta, asome jina kamili la prosesa na la ubao mama, kisha alitafute jina la ubao huo katika tovuti ya mtengenezaji. Huko huwa kuna orodha ya prosesa zinazokubaliwa na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja.

Ikiwa prosesa iliyomo tayari iko mwishoni mwa orodha hiyo, bei ya kompyuta yote ihesabiwe kama ya kifaa kitakachotumika jinsi kilivyo hadi siku ya kukiweka kando.